Rumion ya yadi Mbeya wanataka mil 21.5, nianzie wapi kuongea bei?

Mwalimu wa Isyesye

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela maana nikishatoa ndo basi.

Nataka kununua gari yangu ya kwanza, Toyota Rumion ya 2010, cc 1490 na kitu, haijatembea bongo bado, nimeikuta kwenye yadi moja hapa mjini imebandikwa mil 21.5 kwenye kioo. Nikamuuliza kijana wa pale bei ya mwisho ngapi, badala ya kunijibu akaniuliza "dada kwani we una shilingi ngapi, sema tukusaidie". Nikanyamaza, nilihisi nikitaja tu ndo itageuka kuwa bei. Ukweli ni kwamba nina akiba yangu na mkopo wa SACCOS umeshapita kwa hiyo hela yote ipo, ila hilo sijamwambia mtu pale. Mume wangu yuko Njombe kikazi, hivyo mazungumzo nafanya mwenyewe, na nimekaa pale nikaona akiingia mwanaume wanamtajia bei tofauti kabisa na ya kwangu kwa gari ile ile, imeniuma kwa kweli.

Gari itanipeleka shule, jumamosi itabeba mzigo wa duka la mama pale Mwanjelwa, na Tukuyu tunapanda mara kwa mara kusalimia wazee. Sasa naomba kujua, mtu anajuaje bei halali ya gari kama hii, na nikisema nipunguziwe niseme ngapi wasione natania? Halafu kuna jamaa ananiambia Rumion hiyo hiyo anaweza kunipatia kwa mil 14 kutoka njia ya Tunduma, hilo nalo limekaaje?

Wakala wa Kurasini

Dada yangu salama, mi ni mtu wa Kyela ila kazi yangu ipo Dar, natoa magari bandarini. Kitu cha kwanza sahau iliyoandikwa kwenye kioo, tengeneza bei yako mwenyewe nyumbani kabla hujarudi pale. Hakuna siri, kila kitu kiko wazi ila watu wengi hawapigi hesabu.

Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA (mamlaka ya mapato) kwenye tovuti yao, jaza aina ya gari, mwaka, cc, kitakuletea thamani ambayo TRA wenyewe wanaitambua na ushuru wake wote. Angalia vizuri hapo, TRA hawaangalii ulinunua Japan kwa bei gani, wana thamani yao. Sasa tuchukulie mfano tu, tuseme thamani mpaka bandari ya Dar imetoka mil 8. Ushuru wa forodha 25%, hiyo mil 2, unafika mil 10. Ushuru wa bidhaa kwa cc 1001 mpaka 2000 ni 5%, yaani laki 5. Ushuru wa uchakavu, yaani wa umri wa gari, kwa sababu gari ya 2010 imeshapita miaka 10, ni 30%, hapo mil 3 nzima imeondoka. Umefika mil 13.5, juu yake VAT 18% ambayo ni kama mil 2.43. Jumlisha ushuru peke yake karibu mil 7.93, bado tozo ndogo ndogo za reli na forodha. Yani gari iliyozidi miaka 10 ushuru wake unakaribia kulingana na thamani ya gari yenyewe. Ingekuwa haijafika miaka 8 uchakavu ungekuwa sifuri na ushuru kwa thamani hiyo hiyo ya mil 8 ungekuwa kama mil 4.4, japo gari changa nayo thamani yake inakuwa juu kwa hiyo usidhani unaokoa yote.

Haya sasa ongeza gharama za bandari, ada za kampuni ya meli, ajenti na usajili, weka mil 1 na nusu. Kuileta Mbeya ni zaidi ya km 800, mafuta na dereva weka laki 4. Kwa mfano wangu mwenye yadi imemgharimu kama mil 18. Ana kodi ya eneo, walinzi, na hela yake imelala kwenye hilo bati, lazima apate kitu. Mi naona mil 19 mpaka 19.5 ni bei ya haki kwa wote wawili, na 21.5 ni ya mtu ambaye hajapiga hesabu. Ila rudia na namba halisi za kikokotoo usitembee na za kwangu.

Mama Viazi Uyole

Mwanangu mwalimu umefanya vizuri sana kunyamaza. Mi nanunua na kuuza viazi miaka na miaka na nimenunua magari kwa mkono wangu mwenyewe bila mwanaume pembeni, nikwambie yule kijana anafanya kazi yake, swali la "una ngapi" linaulizwa ili atoe bei mfukoni kwako badala ya kwenye gari. Akikuuliza tena mwambie "nitakwambia ngapi wakati sijajua gari ina nini, we nipe bei ya kuondoka nayo". Hilo neno bei ya kuondoka nayo lishike sana, maana kuna bei ya kioo halafu mkishakubaliana unasikia namba bado, kadi bado, bima bado, kibali bado, unajikuta umeongeza laki sita saba ambazo hazikuwepo kwenye mazungumzo. Wewe ongea bei moja yenye gari, namba, kadi kwa jina lako, na bima walau ile ndogo, ukiwa umekaa. Kisha mwambie aandike kwenye karatasi yenye muhuri wa yadi.

Hilo la mkopo pia usilifungue kabisa. Kuna yadi wanaanza kukuuliza utaweza kulipa ngapi kwa mwezi, ukikubali hayo mazungumzo bei ya gari inapotea katikati, unabaki unajadili laki tano au laki nne na nusu kwa mwezi huku jumla ikipanda bila wewe kuona. Bei kwanza. Utalipaje ni habari ya baadae.

Na kuhusu kuonewa kwa sababu ni mwanamke, mwanangu lipo na linaudhi ila dawa yake si kumtafuta mwanaume wa kukusindikiza, dawa ni ile hesabu ya huyo kaka wa Kurasini uiandike kwenye daftari ufungue mbele yake. Ukianza kusoma "uchakavu mil 3, forodha mil 2" utaona anavyokaa vizuri kwenye kiti. Pita yadi zingine pia, Mbeya zipo, na piga simu Dar na Iringa uulize Rumion ya mwaka huo huo, uwe na bei tatu nne mkononi. Muulize na hili, gari imeingia yadi lini, na uone tarehe kwenye nyaraka za kutolea bandarini. Gari iliyokaa miezi mingi inamla mwenye nayo kila siku, huyo ni mwepesi kushuka kuliko aliyeishusha jana.

Kutaja bei wala usiogope. Mi ningeanza 18.5, nasema kwa heshima, nanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu, watu wanataja bei halafu wenyewe wanaanza kujitetea mpaka wanaipandisha. Taja, kaa kimya, mwache yeye aongee.

fundi_mafiati

Naunga mkono mama hapo juu. Mi nitaongelea gari yenyewe maana punguzo linapatikana kwenye gari sio kwenye maneno matamu. Nenda na fundi wako, sio fundi wa yadi, mlipe hela yake ya siku na usikubali apewe kitu na muuzaji.

Nenda asubuhi mapema gari ikiwa ya baridi, kwa baridi ya huku hapo ndo injini inasema ukweli, waambie mapema wasiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ya moto ujue kuna kitu wanakificha, au wameshazoea kufanya hivyo kwa wateja. Matairi soma ubavuni kuna namba nne, mfano 1217 ni wiki ya 12 mwaka 2017. Gari nyingi zinafika na tairi yenye kashata nzuri ila mpira umeshakufa, na we unapanda Tukuyu kwenye mvua na ukungu, huwezi kutembelea hizo. Kwa hiyo bei ya tairi nne unaitoa kwenye bei ya gari, au wakufungie mpya kabla hujalipa, chagua moja. Betri hivyo hivyo.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake, waombe karatasi ya mnada ya Japan, linganisha kilomita na daraja lililoandikwa pale na namba ya chesesi. Wakisema haipo sio lazima kuwe na tatizo ila umepata sababu nyingine ya kushusha bei. Kisha waambie unaijaribu kwa kupanda Kawetere njia ya Chunya, sio kuzunguka Kabwe na kurudi. Mlima ule kama gia boksi inateleza au jotojoto linapanda utaona kabla hujafika juu, kushuka nako utasikia breki. Yadi wakikataa mlima, ondoka tu dada yangu.

Kila kitu fundi atakachokiona andika na bei yake pembeni, ukirudi mezani huombi huruma, unasoma orodha.

Mafinga Mbao

Kuhusu hiyo ya mil 14 ya Tunduma naomba nimjibu mwalimu moja kwa moja maana naona wenzangu wamepita. ACHANA NAYO. Hizo gari unazoziona zinapita Uyole na Mbalizi mchana na usiku ni za IT, yaani in transit, zinakwenda Zambia na Kongo, hazijalipiwa ushuru wa hapa kwa sababu zinapita tu. Ikibakizwa hapa ikauzwa ni magendo, haijalishi umenunua kwa mkataba gani, siku TRA wakiikamata gari imeenda na hela yako imeenda na huyo jamaa hapokei simu. Angalia hesabu ya huyo wakala, kama ushuru peke yake ni mil 8 gari ya mil 14 imetokea wapi? Hapo jibu unalo.

Mi pia ningekushauri fikiria kuagiza mwenyewe kutoka Japan, unaokoa ile faida ya yadi. Ila uwe na subira ya meli na uwe na ajenti unayemuamini, na gari unainunua kwa picha. Kwa gari ya kwanza naelewa mtu kutaka kuishika kwanza.

Na kwa wanaonunua zero kilomita kama sisi wa pikapu za kazi, kule bei ya msingi inashuka kidogo sana ila omba vingine, sevisi za mwanzo, turubai, bampa, matairi ya akiba, hivyo wanatoa na ni hela nzuri tu ukijumlisha.

Wakala wa Kurasini

Mafinga umesema kweli kuhusu IT. Kuagiza nakubaliana nusu, kwa mtu ambaye hajawahi, ile faida ya yadi ya mil 1 mpaka 1.5 wakati mwingine inaishia kwenye gharama za kuchelewa bandarini nyaraka zikikwama. Akinunua yadi kwa bei ya haki hajapoteza.

Mwalimu wa Isyesye

Jamani Mungu awabariki, mama shikamoo na asante sana. Nimeingia kwenye kikokotoo, namba zimetoka tofauti kidogo na za mfano lakini jumla imekuja pale pale kwenye 18 na kitu. Leo nimerudi yadi na daftari, nimetaja 18.5 nikanyamaza kama mama alivyosema, yule kijana akaenda kumuita bosi wake. Bosi ameshuka 20 kavu, nikamsomea ya tairi maana fundi amekuta ni za 2015 zote nne, akasema 19.6, tairi mpya na namba analipia yeye. Sijakubali, nimesema nitarudi ijumaa. Sasa ananiambia niache kishika uchumba cha mil 2 asije akampa mwingine, na amesema gari wameshaanza kuisajili kwa jina la kampuni yao kisha watanihamishia. Hapo nikubali?

Mama Viazi Uyole

Marahaba mwanangu, umefanya kazi nzuri. 19.6 na tairi na namba ni bei nzuri, jaribu 19.3 ijumaa, akigoma chukua. Kishika uchumba usiache mil 2, acha laki 2 tena kwa risiti iliyoandikwa kwamba inarudi gari isipopita mlimani kwa fundi, na hela kubwa utalipa benki kwenye akaunti ya kampuni yenyewe, sio kwenye simu ya kijana. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, idai siku hiyo hiyo.

Hilo la kusajili kwa jina lao kataa. Wakishaisajili kwao, kuihamishia kwako kuna ada ya TRA na ushuru wa stempu, na wewe ndo utaambiwa ulipe. Mwambie isajiliwe moja kwa moja kwa TIN yako (namba ya mlipa kodi), na kama kweli wameshaanza basi gharama ya kuhamisha ni yao, iandikwe kwenye mkataba mbele ya wakili kabla hujatoa hata hiyo laki 2.