Transiva mpya au mkoba wa puto? Fedha inatosha kimoja tu

Mgeni_wa_Ski: Wakuu, habari za muda huu. Msimu huu nataka kuanza kupanda milima ya theluji nje ya njia zinazolindwa. Nina koleo, ufito wa kuchomea theluji, na transiva (kifaa cha kurusha na kunasa ishara, cha kumtafutia aliyefukiwa na maporomoko ya theluji) ya zamani ya antena moja niliyorithi kwa kaka. Nikibana matumizi napata kitu kimoja: transiva ya antena tatu, au mkoba wa puto, ule ambao maporomoko yakikukumba unavuta mpini puto linajaa hewa. Muuzaji ananisukumia mkoba. Nyie mngechukua kipi? Nawasilisha.

Mama Vilele: Puto. Transiva inamtafuta aliyekwisha kufukiwa, puto linamzuia asifukiwe. Theluji inayoporomoka ni kama nafaka kwenye ungo: vikubwa hupanda juu, vidogo huzama, na puto linakufanya uwe kikubwa. Utafiti wa 2014 ulionyesha vifo vya waliobebwa na maporomoko kushuka kutoka 22 hadi 11 kwa mia puto likijaa.

Sepetu: "Likijaa", mama, ndipo penye kazi. Katika utafiti huohuo, kwa mtu mmoja kati ya watano halikujaa, mara nyingi kwa kuwa mwenyewe hakuvuta mpini. Na puto halikukingi na miti wala mwamba.

Mgeni, mimi hiyo antena moja ndiyo ingeninyima usingizi. Tuliwahi kufukia begi lenye transiva inayorusha ishara, tukashindana kulitafuta. Mwenye antena tatu alifuata mshale tu, mita zikipungua kwenye kioo. Mimi na yangu ya zamani nilikuwa bado nimepiga magoti, naigeuza huku na huku, mlio unapanda, unashuka, unapanda tena, jasho limejaa kwenye glavu. Dakika 17, kuchimba bado! Aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 za matumaini, baada ya hapo hewa inamwishia.

Halafu transiva yako inamwokoa mwenzako, yake ndiyo itakayokuokoa wewe. Umewauliza wana nini?

Kisogo cha Upepo: Nyote mnaongelea baada ya ajali. Mabamba mengi, yaani matabaka ya theluji iliyoshikamana, hukatika na kuporomoka kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, na simu inapima pembe bure. (Ila iweke mbali na transiva: sentimita 20 ukitembea, 50 ukitafuta.) Ogopa upande ambao upepo umeumwagia theluji. Ukisikia mguno mzito chini ya buti, au ufa ukikimbia mbele ya ski, rudi. Anayelikata bamba mara nyingi ni yuleyule linayemfukia, au mwenzake.

Mama Vilele: Kwa antena moja nasalimu amri, hiyo ipeleke makumbusho. Puto lije msimu ujao, lakini lije.

Mgeni_wa_Ski: Nimewauliza wenzangu wawili. Mmoja ana antena tatu. Mwingine ana transiva nzuri ila hana koleo, anasema atatumia ubao wa ski 😅 Nachukua transiva, Jumamosi tunafukia begi. Sepetu, mlilifukia kina gani?

Sepetu: Mita moja. Ufito ukigusa, uacheni palepale, mchimbe kuanzia upande wa chini wa mteremko, msisimame juu yake. Na huyo wa ubao wa ski abaki nyumbani mpaka anunue koleo.