Brazil: Kutotaja rangi kunaua ubaguzi au kunauficha?

Tarumbeta: Wakuu, Brazil ilijinadi miaka na miaka kuwa ni "demokrasia ya rangi": damu zimechanganyika, kuna Wabrazil tu. Sheria ya 2012 ikaja na nafasi za upendeleo katika vyuo vya serikali kuu, weusi wakiwemo. Huu si Umarekani ulioletwa kwa watu walioshaoana zamani? Neymar mwenyewe alisema yeye si mweusi.

Dada Mkuu: Neymar tena! Hiyo ni 2010, kijana wa miaka 18. Amekulia nchi inayomfundisha kuukwepa weusi, ulitaka ajibu nini?

Kifaru: Usimsemee. Akisema si mweusi, basi si mweusi. Nani kakupa kazi ya kupima watu pua?

Dada Mkuu: Kazi hiyo wanayo tume za vyuo. Zinamtazama mwombaji rangi, nywele na sura, kwa sababu weupe walijiandika *pardo*, yaani chotara, wapate nafasi. Polisi hawajawahi kuhitaji tume kumjua mweusi.

Tarumbeta: Nimeuliza sera, mnanijibu Neymar.

Dada Mkuu: Wewe ndiye uliyemleta!

Mkongwe: Mimi limeniuma hilo la "Umarekani". Abdias do Nascimento, mwanaharakati mweusi wa Brazil, alianzisha ukumbi wa maigizo wa weusi Rio mwaka 1944, Martin Luther King bado kijana wa miaka 15. Na sensa ya 1970, chini ya wanajeshi, swali la rangi liliondolewa. Ukisema unabaguliwa, utathibitisha kwa takwimu zipi? Ndiyo maana sensa ya 1991 wanaharakati walifanya kampeni kuwahimiza watu watamke rangi yao.

Kifaru: Wametamka basi. Sensa ya 2022: *pardo* asilimia 45.3, *preto*, yaani mweusi, 10.2. Wanaharakati wanajumlisha wote wanawaita weusi. Huo ni ujanja wa hesabu.

Mkongwe: Ujanja gani, mkuu? Kujumlisha huko kumeandikwa kwenye sheria ya usawa wa rangi ya 2010.

Kifaru: Sheria haimbadilishi mtu rangi.

Dada Mkuu: Ila nafasi za chuo zikitangazwa zinambadilisha, siyo?

Kifaru: Sasa unanitukana.

Tarumbeta: Sawa, tuseme tume zinafaa. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akubaliwe na mwingine akataliwe?

Mkongwe: Wanaangalia sura, si ukoo. Mbaguzi naye haulizi babu yako ni nani.

Kifaru: Kwa hiyo mnakubali kumwiga mbaguzi. Asante.