Naomba ushauri: vitabu vya picha vya kuwasomea watoto 64 wa awali, bajeti laki moja na nusu

MwlAwali
Habari za jioni wakuu. Darasa ni la awali, watoto 64, wengi wana miaka 5. Kuna mikeka, ubao, na dirisha kubwa upande wa mashariki. Mwalimu ni mmoja. Kamati imetoa 150,000/= za vitabu vya hadithi vyenye picha. Dukani majalada yote yanang'aa, yote yanavutia. Nichague kwa kuangalia nini? Na je, nakala nyingi za vitabu vichache, au vitabu vingi nakala moja moja?

Mkutubi_Tanga
Mwalimu, kabla hujaingia dukani tenganisha vitu viwili ambavyo wauzaji huviweka rafu moja: kitabu cha kumsomea mtoto na kitabu cha mtoto kujisomea. Hicho cha pili kimebanwa na silabi, "kaka ana kata, dada ana dodo". Ni kizuri kwa kazi yake, lakini ukikisoma kwa sauti mbele ya watoto 64 ni kama unasoma orodha ya madeni. Cha kusomea kinaruhusiwa kuwa na "akachutama", "kichakani", "ng'ambo ya mto", maneno ambayo mtoto hawezi kuyasoma bado lakini anaweza kuyaelewa picha ikimsaidia. Watoto wako wanahitaji hicho cha kwanza, kwa hiyo usikubali kuuziwa cha silabi kwa sababu tu kimeandikwa "miaka 5".

Ukishakishika mkononi, funika maandishi kwa karatasi na ufunue kurasa nne mfululizo. Kama huwezi kusema ni nani, yuko wapi na kimetokea nini, picha ni mapambo tu. Halafu fanya kinyume chake: soma maandishi bila kutazama picha. Kama hukukosa chochote, picha inarudia maneno, na hapo watoto hawatakuwa na la kusema.

Nitoe mfano wa ukurasa mzuri. Maandishi: "Bibi akatafuta yai uvunguni. Hamna. Akatafuta kapuni. Hamna." Pichani bibi ameinama kapuni, na nyuma yake yai liko juu ya mto wa kitandani, kuku amelikalia. Bibi halioni, watoto wanaliona. Hapo huhitaji kuuliza swali, darasa zima litakuwa limeshapiga kelele "Lile pale!"

Juma_wa_Steshenari
Usinunue kitabu ambacho jambo kuu la picha liko kwenye mkunjo wa katikati. Nusu ya simba inaingia kwenye gundi.

Bi_Ukindu
Naongezea upande wa lugha, maana hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Soma kurasa mbili kwa sauti pale pale dukani, usione haya. Utasikia mara moja kama mwandishi amesimulia au amehamisha maneno kutoka lugha nyingine. "Mbwa mdogo wa kahawia alikuwa mwenye furaha sana" si sentensi ambayo bibi yeyote angemsimulia mjukuu. Angesema "Kijibwa kikafurahi, mkia huku, mkia kule".

Tafsiri nyingine zinakufa kwa sababu za sarufi tu. Hadithi ambayo fumbo lake ni kwamba shujaa kumbe ni msichana haina fumbo lile lile kwetu, kwa kuwa "alikimbia" haisemi ni mvulana wala msichana. Vina navyo hupotea, na kilichobaki ni sentensi fupifupi zisizo na sababu ya kuwa fupi.

Tafuta kiitikio kinachojirudia angalau mara tatu, na tafuta tanakali: chubwi, pu, kacha, nyeusi tii, nyeupe pe, kimya jii. Mtoto wa miaka 5 akishika "chubwi!" ameshika hadithi. Maneno mapya matatu hadi matano kwa kitabu kizima yanatosha. Yakifika kumi utasimama kila ukurasa kueleza, na utamu unakwisha.

Makosa ya kukufanya urudishe kitabu rafuni: "kitabu yake", "ngombe" bila ile alama ya ng' (hiyo inasomeka kama ng ya "ngoma", na mtoto ataishika hivyo), na neno refu lililokatwa mwisho wa mstari, "walipo-" juu na "mkimbilia" chini. Kiswahili kina maneno marefu, mchapaji makini huliteremsha neno zima. Angalia pia herufi a. Watoto wanafundishwa kuandika ile ya duara na kijiti. Vitabu vingi vina ile yenye kofia juu. Kwa kitabu cha kusomea si kosa kubwa, ila mtoto akija kukuuliza ni herufi gani hiyo, usimwone mvivu.

Mzazi_Kisasa
Mimi naona achukue vya lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, wapate vyote kwa mpigo.

Bi_Ukindu
@Mzazi_Kisasa nyumbani sawa, mtoto mmoja mapajani. Darasani vina tatizo la nafasi: maandishi mara mbili, picha inabanwa, na mwalimu hujikuta anasoma mstari wa Kiswahili, wa Kiingereza, tena wa Kiswahili. Hadithi inakatika kila baada ya pumzi moja. Kama ameshakinunua, asome lugha moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ile nyingine siku nyingine.

Otieno_PP2
Kwa walimu wa huku Kenya wanaosoma uzi huu: vitabu vilivyoidhinishwa na KICD (taasisi ya mitaala ya Kenya) viko kwenye Orange Book, ile orodha yao, anzieni pale. Kuidhinishwa hakumaanishi picha zinaonekana kutoka nyuma ya darasa, lakini mkaguzi hatakusumbua.

MwlAwali
Asanteni sana. Bado suala la ukubwa. Vingi nilivyoviona ni nusu ya karatasi ya A4. Na nakala je?

Mkutubi_Tanga
Cha nusu ya A4 (A5) ni cha watoto sita, saba. Cha A4 kinafika 15 hadi 20 wakikaa nusu duara. Kwa 64 hakuna kitabu cha dukani kitakachotosha, kwa hiyo ligawe darasa: 32 mkekani, 32 wanachora, dakika 15, kisha mbadilishane. Wanaochora wape kazi isiyohitaji maelekezo na wakae mahali ambapo ukiinua macho juu ya kitabu unawaona. Hata hao 32, kwa kitabu cha A4, panga safu tatu na upitishe picha polepole kulia kwenda kushoto. Usikizungushe haraka kama feni.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa mgongoni kwako asubuhi, watoto wanaona kivuli cheusi kimeshika kitabu. Likikuelekea, karatasi ya kung'aa inageuka kioo. Shika kitabu kando ya bega, si mbele ya uso, maana mdomo na macho yako navyo vinasimulia.

Nakala: ningechukua vitabu vinane tofauti. Viwili kati ya hivyo, vile vyenye kiitikio kizuri zaidi, nakala tano tano. Kitabu kimoja kitumike wiki nzima. Jumatatu soma bila kukatisha. Jumanne simama mara tatu tu, ukiuliza "sasa atafanya nini?" Jumatano na Alhamisi kiitikio ni cha watoto. Ijumaa gawa zile nakala tano, kila kikundi kisimulie kwa kutazama picha. Walimu wengi hubadilisha kitabu kila siku wakidhani watoto watachoka. Anayechoka ni mwalimu.

Bakiza kama theluthi moja ya fedha kwa ajili ya manila, kava na uzi.

Juma_wa_Steshenari
Hiyo theluthi acha niieleze mimi. Kitabu kikubwa cha kujitengenezea, cha kurasa 12, kinakula manila saba: kila moja kata katikati upate vipande 14, viwili ni jalada. Andika upande mmoja tu, maka peni hupenya nyuma. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 2.5, mistari miwili au mitatu, chini ya picha. Usiandike juu ya picha.

Huwezi kuchora? Piga miraba ya sentimita 3 kwa penseli nyepesi juu ya fotokopi ya picha, na ya sentimita 6 kwenye manila, kisha hamisha mraba kwa mraba. Picha inatoka kubwa mara mbili.

Hadithi za kukuza chukua zile zenye leseni huria, yaani unaruhusiwa kuzinakili. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, wana za Kiswahili. StoryWeaver ya Pratham Books ya India pia. Zote unapakua bure, ila wafasiri ni wengi na ubora unapanda na kushuka, kwa hiyo kipimo cha Bi Ukindu cha kusoma kwa sauti kiko pale pale. Usikuze kitabu cha dukani chenye hakimiliki.

Vijitabu vya kurasa 16 vinatoka kwenye karatasi nne za A4 zilizokunjwa. Karatasi ya nje kabisa: upande mmoja ukurasa wa 16 na wa 1, nyuma yake wa 2 na wa 15. Printa iambie igeuze kwa ukingo mfupi, ukikosea kila ukurasa wa pili unakuja miguu juu.

Pini za stepla huku pwani zinashika kutu na kula karatasi. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati, mengine sentimita 7 juu na chini yake. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka nje, toka tundu la juu, teremka kwa nje hadi la chini, ingia, toka tena katikati. Ncha mbili za uzi zikumbatie ule uzi mrefu wa nje, funga fundo mara mbili. Ukitumia uzi wa nailoni, acha ncha za sentimita 1, ukikata karibu zaidi fundo linafunguka.

MwlAwali
@Juma_wa_Steshenari na kava la nailoni lile la gundi? Linatoa mapovu.

Juma_wa_Steshenari
Ni kwa sababu unabandua karatasi yote kwa wakati mmoja. Bandua sentimita 3 za mwanzo, bandika, kisha vuta huku rula ikisukuma nyuma yake. Povu likibaki, toboa kwa pini na ubonyeze. Na vika jalada tu. Kurasa za ndani ziache, zitakung'aria dirishani.