Wamama tunaotumia dawa za VVU tupeane uzoefu: baada ya kujifungua mlifanyaje?

Habari zenu wapendwa. Mwenzenu kipindi cha mimba sikusumbuka kabisa, kliniki kila mwezi, nesi ananikumbusha, kipimo cha wingi wa virusi kikaja havionekani, nkafurahi. Kasheshe imeanza nimeshajifungua. Usingizi hakuna, mama mkwe kaja kuniogesha tunalala nae chumba kimoja na hajui lolote, na ile chupa ukiigusa tu kachakacha nyumba nzima wanasikia. Nimeijaza pamba juu, nameza saa 2 usiku akiwa kwenye taarifa ya habari. Mtoto nae nevirapine (ya kumkinga na virusi) kila siku wiki 6, bibi anauliza ya nini, nikasema ya tumbo. Nyie mlijificha au mlisema?

Mama Wawili: Mi nilisema kwa mume tu, yeye ndo akambana mama yake. Maana shughuli ilikua maji, mtoto miezi 6 maziwa yangu matupu hata kijiko cha maji sikumpa, bibi akaniita mchoyo wa maji 😂 Kipimo cha VVU cha mtoto, ile damu ya kisigino wiki ya 6, kikaja safi, wengi ndo wanajisahau hapo, kumbe bado ananyonya na wewe usipomeza unaweza ukampa virusi. Wangu kipimo cha kufunga kazi alichukuliwa ana miezi 18 ameshaacha ziwa. Nesi siku hiyo anaandika kwanza kwenye kitabu, taratiiibu, ndo aniambie, nilitaka kumnyang'anya kalamu jamani.

Wa Kitambo: Nyie wa juzi mna raha. Mimba yangu ya 2012 CD4 (seli za kinga) zilikua juu ya 350 basi dawa nikapewa za kumkinga mtoto tu, baada ya hapo nikaacha, ndo utaratibu wa kipindi kile. Ya 2015 nakuta ukianza umeanza, za maisha. Zile zenye efavirenz aisee, ndoto zake sitaki hata kuhadithia.

dadake_mtu: Mi niwaambie la vidonge vya kuongeza damu (vya madini chuma), sikuambiwa na mtu. Nilikua nameza na dolutegravir (dawa yetu ya VVU) pamoja asubuhi tumbo tupu, nesi aliposikia akashtuka, vile vinaishika dawa haiingii mwilini vizuri. Umeze vyote pamoja na chakula, kama hujala basi dawa itangulie kwa masaa mawili au isubiri masaa sita baada ya vidonge vya damu.

Mgeni: Nina wiki ya 3 tangu nijifungue, nimepitiwa siku mbili, naogopa kwenda watanifokea. Leo nimeze tatu?

Mama Wawili: Hapana mdogo wangu, meza moja ya leo sasa hivi, usifidie. Kesho nenda na mtoto ukawaambie ukweli. Wakifoka wafoke.