Ushauri: Landrova 109 ya mil 9, kadi inasema 1968, nichukue au nikimbie?

Kitunguu Maji
Wakuu habari za jioni. Mimi nina ugonjwa wa landrova tangu utoto, babu yangu mdogo alikuwa dereva wa misheni kule Mbulu, alikuwa anatupakia nyuma tukienda mnadani tunarudi weupe kwa vumbi. Sasa vitunguu vimelipa kidogo nikasema ngoja nitimize. Nimeikuta moja Karatu, 109 ndefu (inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), petroli, pikapu yenye turubai. Muuzaji anataka mil 9, anasema ni antiki ya 1968 na kwenye kadi kweli pameandikwa hivyo. Nimemvuta hadi 7 na nusu kagoma. Inawaka kwa kusukuma maana betri imekufa, gia ya pili inachomoka ukishuka mlima. Mbele ya dereva mita zote zipo ila ya spidi imelala, grili ya plastiki ina ufa mmoja, taa ziko kwenye mafenda, mafenda yenyewe mazima. Bei iko sawa? Na spea bado zipo au nitakuja kufugia kuku?

Fundi Kibiriti
Spea usiogope mkuu. Hiyo injini itakuwa ya lita 2.25, ringi, gasketi, pampu ya maji, pampu za breki, vyote bado vinatengenezwa mpaka leo na Arusha unavipata. Ukikosa Arusha kuna Gerezani Dar, au Nairobi pale Grogan unampa mtu wa basi hela anakuletea. Shida ni feki, usichukue mpira wa breki kwa sababu ni wa bei rahisi, mimi nimefunga seti haikumaliza miezi miwili mafuta yanavuja kwenye tairi. Kabureta ikiwa bado ile ya Zenith angalia kama uso wake haujapinda, inavuta hewa pembeni na injini haitulii gari likiwa limesimama, wengi walishaitoa wakafunga Weber.
Bodi ni aluminiamu haina neno. Kinacholiwa na kutu ni chasisi na ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Nenda na nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi yote mpaka boriti ya mwisho kule nyuma. Ikilia ngo ngo endelea, ikilia pu hapo pameoza au pamejazwa puti.

Bosi wa Probox
Mil 9 gari la kusukuma 😂 lita moja inakupa km 5 au 6, utanuka petroli mpaka kanisani. Haya mimi nipo kimya.

Mzee wa Springi
Ngoja kwanza, mbona hamjaona? Kadi 1968 halafu mita ziko mbele ya dereva na grili ya plastiki? Hayo ni mambo ya Series III na hizo zimeanza 1971. Ya 1968 ni Series IIA, mita zinakaa katikati ya dashibodi, grili ni wavu wa chuma, na taa nyingi za kipindi kile zilikuwa bado zimekaa ndani huku na huku ya grili. Kwa hiyo ama kadi ni ya gari lingine ama hapo kuna magari mawili yamefungishwa ndoa.
Usitoe hela kabla hujasoma namba ya chasisi kwa macho yako. Sio ile ya kwenye kibati, kibati kinang'oka kwa bisibisi. Nenda mbele upande wa kulia, kwenye ncha ya chasisi pale springi inaposhikwa, piga brashi ya waya halafu paka chaki. Ukiwa hapohapo chini kachungulie difu ya nyuma, 109 za Series III kuanzia 1972 zilikuja na Salisbury, ile nene yenye mfuniko wa nyuma wa kufungua kwa bolti. Na kadi ni jina la nani?

Kitunguu Maji
Duh. Jina la marehemu baba yake.

Dada Mhasibu
Basi hapo kaka kabla ya nyundo kuna mahakama. Bila msimamizi wa mirathi TRA hawakuhamishii jina, utakuwa unaendesha gari la marehemu. Muulize kama ana ndugu, na wote wanajua linauzwa?

Kitunguu Maji
Mrejesho wakuu. Jumamosi nimerudi na fundi. Chaki imetoa namba na INAFANANA na kadi, tarakimu zote. Difu ya nyuma sio Salisbury, ni ile ya mviringo nyembamba. Na gia ya kwanza na ya pili zinakwaruza usipokanyaga klachi mara mbili, fundi kasema boksi la zamani hilo.

Mzee wa Springi
Safi, basi chini ni 1968 halali, uso na dashibodi ndo vimetoka kwa mwenzake. Karatasi haina kosa ila hadithi ya antiki imekufa, anayelipia uzee anataka gari zima la mwaka mmoja. Hilo ni la kazi, lilipie bei ya kazi. Na difu hiyo usiipakie mawe, zinakata shafti za ekseli. Chasisi?

Kitunguu Maji
Boriti ya nyuma kidole kimeingia mpaka hapa kwenye kiungo cha pili. Kwingine ngo ngo. Fundi kapiga hesabu ya kuchomelea boriti, kufungua gia boksi, breki zote na betri, nikampa muuzaji 5. Akanuna, hata chai hakumalizia. Leo asubuhi kapiga simu mwenyewe anasema 6 na betri juu yangu. Mirathi kaanza ila dada yake mkubwa yuko Babati hajasaini.

Dada Mhasibu
Na usitume hata ya advansi mpaka huyo dada wa Babati asaini.

Bosi wa Probox
Mil 6 sio mbaya. Picha basi.