Naomba ushauri: baba mkwe na Fleksnes

Wakuu, nimeoa Mnorwe, tunaishi Oslo. Kila tukienda ukweni, mzee ananikalisha sebuleni tutazame Fleksnes, komedi ya NRK, televisheni ya taifa ya Norway, iliyoanza 1972. Anayeigiza ni Rolv Wesenlund, mzaliwa wa Horten, aliyefariki 2013. Kipindi kile cha jamaa kwenda kutoa damu kwa mbwembwe nilikielewa, watu wa kujikweza hata kwetu wapo. Vingine mzee anacheka mpaka machozi, mimi natabasamu kama nimelamba ndimu.

Mwezi ujao anatimiza miaka 70, nataka nimwigizie kipande. Hadithi zilitokana na zile za mchekeshaji Tony Hancock wa Uingereza. Nianze na za Kiingereza ndipo nirudi kwenye Kinorwe, au nitajichanganya? Mlioishi huko, nisaidieni.