Naomba ushauri: kupanga historia ya Parokia ya Kilema, 1890 hadi leo

Tumsifu Yesu Kristo. Wanaojua kumbukumbu za kanisa, naomba msaada wenu.

Kilema, parokia ya Kikatoliki mkoani Kilimanjaro, ilianzishwa 1890 na Wamisionari wa Roho Mtakatifu, chini ya Vikarieti (eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo) ya Zanguebar Kaskazini. Kuanzia 1906 ikawa ya Vikarieti ya Bagamoyo, 1910 ya Kilimanjaro, na 1953 ikazaliwa Jimbo la Moshi. Hapa ndipo wengi huchemka: wanaandika "Jimbo la Moshi" kwa tukio la 1895, kisha anayefuata anatafuta barua zake Moshi tu, wakati huenda ziko Bagamoyo, Zanzibar au kwenye hifadhi ya nyaraka ya shirika la wamisionari hao, Ufaransa.

Je, sura zifuate mipaka hiyo ya kikanisa, au maisha ya parokia yenyewe: shule, vigango (vituo vidogo vya sala chini ya parokia), makatekista?

Pili, rejista za ubatizo za Kilatini. Pembezoni huandikwa kipaimara na ndoa, wakati mwingine miaka 20 baada ya ubatizo, kwa mwandiko mwingine. Nikizinakili kwenye jedwali, maelezo hayo yapewe safu yake na tarehe yake? Naona yakichanganywa na ubatizo yatapotosha kabisa.

Na kurasa ambazo wino umeshazila, mnazipigaje picha bila kulazimisha mgongo wa kitabu?